Mnatuonyesha Sungura, Chura wa Kihansi Yuko Wapi?

Kuna bango moja nje kidogo ya jiji, la kijani, simba kafunua mdomo pembeni, na katikati herufi kubwa: KITUO CHA UHIFADHI NA UZALISHAJI WA WANYAMAPORI. Mahali penyewe sipataji, kwa sababu si pao peke yao. Nilikwenda Jumapili moja na watoto wa dada yangu. Tukalipa kiingilio cha watu, tukalipa cha gari, tukaambiwa na kamera inalipiwa, kamera ambayo ni simu ileile niliyofanyia malipo. Sawa. Uhifadhi una gharama zake.

Ndani tukapokelewa na sungura. Wengi mno, weupe, wenye madoa, kwenye banda lililokuwa safi kuliko mabanda yote. Kijana aliyekuwa anatutembeza, mchangamfu kwelikweli, akasema kwa fahari: "Hawa, mama, tunawazalisha wenyewe hapahapa." Sikuwa na shaka hata kidogo. Sungura kuzaa haijawahi kuwa habari. Baada ya sungura wakaja tausi, ambao hata Ikulu wapo. Kisha kanga. Kisha bata mzinga, na huyo watoto walimpenda kuliko wote. Kisha tumbili wanaopokea biskuti kupitia kwenye wavu, na pembeni yao kibao kinachosema usiwalishe wanyama. Mwisho simba dume, peke yake, kwenye sakafu ya saruji. Nikamuuliza yule kijana: ukiacha sungura, mnazalisha nini kingine? Akafikiri kidogo. "Tausi, mama."

Hayo yangepita. Kilichonikalisha chini kuandika ni grupu la familia. Nilirusha picha za watoto na sungura wao, nikaweka na kejeli yangu ya uzalishaji, na baba mdogo, ambaye huwa anaamka kwenye grupu siku za misiba na harusi tu, akajibu: "Afadhali hao sungura, kuna chura aliwahi kutulaza giza nchi nzima." Zikafuata zile sura za kucheka, mstari mzima. Shikamoo, baba mdogo. Naomba nikujibu huku, maana kule utanitoa kwenye grupu.

Chura anayemsema ni yule wa Kihansi, na nchi hii nzima inamjua kwa mzaha. Chura wa mamilioni ya dola. Chura anayeogeshwa kwa mabomba. Tumemcheka miaka zaidi ya ishirini na bado hatujachoka, na katika kucheka huko tumeipoteza hadithi bora kuliko zote tulizonazo za mnyama kuokolewa na bustani ya wanyama. Ya kwetu hiyo, sikuitoa kwenye filamu.

Korongo la Kihansi liko kwenye milima ya Udzungwa, mto unaporomoka kwenda bonde la Kilombero. Maporomoko yalikuwa yanarusha ukungu mchana na usiku, na chini ya ukungu huo kulikuwa na majani mabichi yasiyokauka, eneo la hekta 2 hivi, hata viwanja vitatu vya mpira havitimii. Humo ndimo chura huyu alimokuwa anaishi, na hakuna pengine popote duniani. Ni mdogo, hafikii urefu wa sentimita 3, rangi ya dhahabu, na hatagi mayai majini kama vyura wa mtaroni kwetu. Anazaa. Mtoto anatoka akiwa chura kamili, hana habari ya kupitia uluwiluwi. Ndugu zake wa jenasi hiyo hiyo wote wako Tanzania, hawapo nchi nyingine. Wanasayansi walimgundua 1996, wakati ujenzi wa mradi wa umeme ulikuwa umeshaanza kwa fedha za Benki ya Dunia na wafadhili wengine. Yaani tulimfahamu huku tayari tumeshaamua kuyachukua maji yake.

Mitambo ikawashwa, megawati 180, na maji ya maporomoko yakapungua kwa asilimia 90 hivi. Ukungu ukakata. Mwaka 2000, serikali ikaruhusu vyura 499 wakamatwe na kupelekwa Marekani, kwenye bustani ya wanyama ya Bronx, New York, na wengine wakagawanywa kwa bustani nyingine. Huku nyuma yakafungwa mabomba ya kunyunyiza maji korongoni, na kwa muda ilionekana kama yamesaidia, maana katikati ya mwaka 2003 walikadiriwa kufika karibu 20,000. Halafu, ndani ya miezi michache, wakaisha. Mwanzoni mwa 2004 walioonekana walihesabika kwa vidole. Kuvu linaloshambulia ngozi ya vyura, lile la kitridi ambalo limemaliza vyura mabara kadhaa, lilikutwa kwenye mizoga. Wengine wanataja pia tope lililofunguliwa bwawani likiwa na mabaki ya dawa za mashambani. Vyovyote iwavyo, 2009 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, wakamwandika: ametoweka porini.

Sasa fikiria mwaka huo. Duniani kote, mnyama aliyeumbwa hapa, aliyeishi hapa peke yake, alikuwa amebaki ndani ya masanduku ya vioo kwenye miji miwili ya Marekani, Bronx na Toledo kule Ohio. Na hata huko alinusurika kwa taabu. Wale 499 walikufa sana miaka ya mwanzo. Walikuwa na minyoo, mwanga wa taa haukuwafaa, chakula hakikuwafaa, na waliobaki wakashuka chini ya mia moja. Bustani nyingine zilizowapokea zikashindwa. Watu wa hizo mbili wakakaa nao usiku na mchana, wakabadilisha taa, wakachuja maji, wakafuga vidudu vya kuwalisha, vidudu vidogo kiasi kwamba hata inzi wa kawaida ni mlima kwa mtoto wa chura huyu. Miaka karibu kumi ya kazi hiyo, kwa mnyama asiyenguruma, asiyepiga picha vizuri, ambaye hakuna mtu atakayekata tiketi kwa ajili yake. Wakafika maelfu.

Agosti 2010, vyura 100 wakapanda ndege wakarudi nyumbani. Wakapelekwa wapi? Mlimani, baba mdogo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwenye chumba kilichojengwa kwa ajili yao. Kuanzia 2012 wakaanza kurudishwa korongoni kidogo kidogo. Inaelezwa kuwa ni miongoni mwa vyura wa kwanza kabisa kuandikwa kuwa wametoweka porini kisha wakarudishwa kwao. Tulifanya jambo ambalo ni nadra sana duniani, na makao yake yalikuwa mwendo wa daladala moja kutoka Mwenge, na sisi tunapeleka watoto wakaangalie sungura.

Hapo ndipo moto wangu ulipo. Bustani ya Bronx waliwaweka vyura hawa kwenye jumba lao la wanyama watambaao, nyuma ya kioo, umma ukawaona. Mtoto wa New York amemwona chura wa Kihansi. Wa Sinza hajamwona. Sijawahi kukutana na mtoto wa Dar es Salaam anayemjua chura huyu isipokuwa kwa utani wa wazazi wake. Nawauliza walimu ninaowafahamu, hata wa sekondari, hata wa bayolojia, wananiambia "yule wa kuogeshwa?" Na wanacheka.

Najua jibu la wataalamu, na nalikubali shingo upande: kuvu lile linaweza kubebwa na kiatu, na huwezi kuruhusu basi la shule limwagike kwenye chumba cha uzazi cha mnyama aliyewahi kuisha porini. Kweli. Lakini hao wa Bronx nao wana viatu. Walichofanya ni kutenga kundi dogo la maonyesho, kioo katikati, wazazi na watoto huku, vyura kule. Haihitaji akili ya roketi. Inahitaji mtu aamue kwamba mtoto wa kawaida wa mji huu anastahili kukiona kitu hicho, na kwamba mali yetu haiishii kwenye ripoti za mradi.

Ndiyo maana bango la "uzalishaji" linaniuma. Neno hilo watu wamelipata kwa jasho. Mwaka 1987 kondo wa California, ndege wakubwa walao mizoga, walibaki 27 duniani, wakakamatwa wote, na leo wamepita 500. Choroa wa Arabuni wa mwisho porini aliuawa 1972, lakini kundi lililokuwa linatunzwa kwenye bustani ya Phoenix, Marekani, likatoa watoto, na miaka kumi baadaye Oman wakaanza kuwaachia tena jangwani. Hata sisi tumefaidi: 2009 faru weusi watatu waliozaliwa kwenye bustani ya Dvůr Králové, Jamhuri ya Czech, waliletwa Mkomazi, kwa sababu faru wa kwetu nusura tuwamalize kwa bunduki wenyewe na majangili wetu. Faru wa Tanzania anazaliwa Ulaya, anarudi kwa ndege! Ukilitafakari hilo vizuri unaweza kukosa usingizi, kwa aibu au kwa furaha, chagua mwenyewe.

Naona tayari kuna atakayeniambia kwamba Wazungu wanatuchukulia wanyama wetu. Sawa, tuzungumze. Novemba 2010, miezi michache tu baada ya vyura kurudi, ndege ya kijeshi ya Qatar ilitua uwanja wa Kilimanjaro, KIA, na kuondoka na wanyama zaidi ya mia, wakiwemo twiga wanne. Twiga! Mtu anawezaje kumpitisha twiga uwanja wa ndege bila kuonekana, mpaka leo ni fumbo la taifa, na kila uchaguzi twiga hao wanapandishwa ndege upya majukwaani. Mwaka 2016 tumbili 61 wakazuiwa hapohapo KIA wakiwa safarini kwenda Albania, na serikali ikapiga marufuku kusafirisha wanyama hai. Ilifanya vizuri. Lakini msichanganye mambo. Twiga waliondoka kwa wizi, na sijasikia kwamba wamerudi. Vyura waliondoka kwa kibali, wakiwa wanakufa, wakarudi wakiwa wengi kuliko walivyoondoka. Mwenye kuyaona hayo mawili kuwa kitu kimoja hamtetei mnyama, ana kinyongo chake kingine.

Kuhusu simba wa kwenye saruji nitasema kidogo tu, nisije nikaharibu mfungo wangu. Tanzania ndiyo nchi yenye simba wengi kuliko zote Afrika. Simba mmoja wa peke yake kwenye banda la Dar haongezi simba hata mmoja Ruaha, na hakuna mwenye mpango wa kumpeleka huko. Msiite hiyo uhifadhi. Iiteni maonyesho, lipisheni kiingilio, mpanulieni banda, tutaelewana.

Na maonyesho sina ugomvi nayo. Nenda banda la Maliasili wakati wa Sabasaba uone foleni ya kumtazama simba: akina mama na watoto mgongoni, vijana wa Mbagala, wazee na fimbo zao, wote wanasukumana jua la saa saba. Watu wanapenda kuwaona wanyama wao. Kwenda Mikumi si kiingilio kinachowashinda, ni usafiri na kulala. Ingawa, jamani, barabara ya kwenda Iringa inapita katikati ya hifadhi yenyewe. Mtu anayekwenda Mbeya kuzika anamwona tembo bure dirishani, ilhali aliyekaa Dar analipia tumbili. Siku hizi kuna na treni ya umeme mpaka Morogoro. Mwenye basi dogo na akili ya biashara, nimekupa wazo, usinisahau.

Serikali nayo ilishajaribu. Kisiwa cha Saanane pale Mwanza kilianza 1964 kama bustani ya wanyama, ya kwanza nchini. Leo ni hifadhi ya taifa, tangu 2013. Na Mwanza kuna somo lingine chungu zaidi: furu. Ziwa Victoria lilikuwa na aina mamia za samaki hawa, kisha sangara akapandikizwa miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 furu walikuwa wanapotea aina kwa aina mbele ya macho ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, waliokuwa wamepiga kambi Mwanza. Baadhi ya waliosalia waliendelea kufugwa kwenye matangi ya vioo Ulaya na Marekani. Samaki wa ziwa letu, wanatunzwa na watu ambao hawajui ziwa lenyewe linanuka vipi asubuhi. Sisi tulimshangilia sangara, minofu yake tukaiuza nje, tukabaki na mapanki.

Samaki wa baharini je? Mji huu umekaa ufukweni na hauna hata tangi moja la maana la kumwonyesha mtoto pweza aliye hai. Akwariamu yetu ni soko la samaki la Feri saa kumi na mbili asubuhi: kila aina ipo, wote wamekufa. Visiwa vya Bongoyo na Mbudya vimetengwa tangu 1975, lakini watoto wetu wakienda huko ni kula chipsi na kuchomwa jua. Ila hapa nami nikubali kwamba tangi si dawa ya kila kitu. Silikanti wa Tanga, yule samaki wa kale ambaye wavuvi walianza kumnasa kwenye majarife mwanzoni mwa miaka ya 2000 mpaka ikabidi litengwe eneo lake la bahari 2009, hakuna akwariamu duniani inayomfuga. Anaishi kwenye kina kirefu, ukimpandisha anakufa. Huyo dawa yake ni kutomtegea nyavu, basi.

Na kuna kuchelewa. Desemba 2009 faru weupe wa kaskazini wanne walitolewa bustani ileile ya Dvůr Králové wakapelekwa Ol Pejeta, Kenya, wazaane. Sudan, dume wa mwisho, alikufa Machi 2018. Wamebaki Najin na Fatu, mama na mwanawe, na hakuna dume. Bustani inaweza kumtunza mnyama miaka arobaini na bado ikashindwa, kwa sababu walioanza walianza wakati wachache wamebaki. Kihansi tuliponea chupuchupu. Na tusijidanganye, vyura waliorudishwa bado wanaishi kwa maji ya mabomba, na kuvu halijahama. Maji hayajarudi na hayatarudi. Bustani ya wanyama haiwezi kukurejeshea mto.

Sasa, baba mdogo, kuhusu giza. Mgawo wa 2006 ulikuja na ukame. Bwawa la Mtera lilikauka, wewe mwenyewe ulikuwa unatuhesabia vina vya maji kila jioni ukisikiliza taarifa ya habari. Chura hakukausha Mtera. Maji aliyoachiwa yeye ni kidogo sana, na mitambo ya Kihansi haijazimwa kwa ajili yake. Leo tuna bwawa la Nyerere la megawati 2,115, mara zaidi ya kumi ya Kihansi, na Tanesco bado wanatutumia ujumbe wa matengenezo. Hapo chura gani?

Ninachotaka si kikubwa. Anayetaka kuandika "uhifadhi na uzalishaji" kwenye bango lake, siku anayokwenda kuhuisha kibali aulizwe maswali matatu: ni mnyama gani aliye hatarini unayemzalisha, wamezaliwa wangapi, na wangapi wamerudi porini au wana mpango wa kurudi? Akijibu sungura, afute bango, abaki na biashara yake halali. Na wale wenye chura wetu, mtengeeni kundi dogo la maonyesho, Mlimani penyewe au Makumbusho ya Taifa, popote ambapo mtoto wa shule ya kata anaweza kufika kwa nauli ya mwanafunzi. Kioo kizuri, pampu ya kutoa ukungu, mtu mmoja anayejua kueleza bila kusinzia. Na jenereta. Pampu inatumia umeme, na huyu chura ameshakosa ukungu mara moja kwa sababu yetu.